Kwa wanafunzi wapya wa Amani: kofia ya uyoga haihesabiwi kama kicheche

Wadogo zangu, nimesoma rasimu zenu za kulinganisha uyoga na kicheche, na karibu zote zimerudia kosa nililolifanya nilipopanda Amani, msitu wa milima ya Usambara, mara ya kwanza kutoka Muheza: kuhesabu kofia za uyoga kama wanyama.

1. Jueni mnachokihesabu. Kicheche mwembamba mweusi mwenye mistari minne myeupe mgongoni, Poecilogale albinucha, ukimwona mmoja ni mmoja. Uyoga ni tunda la kuvu tu. Mwili wenyewe ni nyuzi zilizojificha ardhini au ndani ya mizizi. Mimi nilizihesabu kofia mwezi Mei, masika yakiwa yamekolea, nikaziandika kama viumbe kamili. Septemba nikarudi kwenye ploti ileile, yaani kile kipande cha msitu nilichokipima, nikakuta mbili zilizonyauka, nikaripoti kuwa idadi imepungua kwa zaidi ya asilimia 80, kiwango ambacho Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, hukiweka kwa spishi zilizo hatarini kabisa. Niliisoma taarifa hiyo mbele ya wakubwa wangu wote. Mzee aliyekuwa akituongoza msituni akauliza kwa upole, "Mwanangu, ulihesabu mvua ikinyesha, ukarudi kiangazi, huo uyoga ungeuona wapi?" Hakuna aliyecheka, na ukimya ule uliniumiza kuliko kicheko. Kigezo kile hupima miaka 10 au vizazi vitatu, kwa kufuata kipindi kilicho kirefu zaidi; mimi nilikuwa na miezi minne. Usiku nililia, maana niliona nimewafundisha watu wasituamini siku uyoga utakapotoweka kweli.

2. Na uyoga wa namna hiyo upo. Pleurotus nebrodensis huota katika milima ya Madonie, kisiwani Sicilia, ukitegemea mmea wa jamii ya karoti; huchumwa hata kabla ya kukomaa kwa sababu ya bei yake, na IUCN ilikadiria kuwa inayokomaa kwa mwaka haifiki 250.

3. Kicheche asipoonekana, msimwite adimu. Hutoka zaidi usiku na kuwafuata panya mashimoni. IUCN haimweki miongoni mwa walio hatarini. Mtazameni utosi: wake ni mweupe wote, ilhali jamaa yake anayefanana naye, Ictonyx striatus, ana madoa meupe usoni.

4. Kila fomu iandikwe tarehe na hali ya mvua.

Ploti yangu bado ina vigingi vyake. Masika yakianza nitawapeleka, na kiangazi tutarudi pamoja.