Mapigo Kutulia Si Ruhusa ya Kuacha Warfarini

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya moyo, kabla hamjagusa mashine yoyote shikeni mkono wa mgonjwa. Vidole vitatu kwenye kifundo, hesabu dakika nzima. Ile tabia ya kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne iacheni mlangoni, maana moyo wenye atiria fibrilesheni hauna mpangilio: pigo moja zito, mawili ya harakaharaka, kimya, kisha jingine hafifu mpaka unajiuliza kama umelihisi. Weka na stetoskopu kifuani uhesabu tena. Ukipata 120 kifuani na 90 mkononi, hujakosea. Mapigo mengine hayasukumi damu ya kutosha kufika kwenye kifundo.

Katika ugonjwa huu vyumba vya juu vya moyo vinakuwa havikazi tena, vinapapatika tu. Damu inatuama, hasa kwenye kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto, na damu iliyotuama huganda. Donge likichomoka, safari ya ubongoni ni fupi. Hatari ya kiharusi kwa mgonjwa huyu ni kama mara tano ya mtu mwenye mapigo ya kawaida. Akiwa na valvu ya mitrali, mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliyobana kwa sababu ya homa ya rumatiki ya utotoni, kama wengi wa wagonjwa wetu vijana, hatari inapanda zaidi ya hapo.

Kosa langu nililifanya mwaka wa kwanza kazini. Alikuja mama mmoja mwenye valvu iliyobana. Digoksini na atenololi zilikuwa zimemshusha mapigo hadi 76. Amechoka kutolewa damu kila mwezi ya kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Akaniuliza, "Sasa si nimepona, mwanangu?" Nikamjibu kwamba anaendelea vizuri sana, nikamwita anayefuata. Jibu lile yeye alilisikia kama "ndiyo", akaacha warfarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda. Wiki chache baadaye wanawe walimleta mdomo umepinda, mkono wa kulia haunyanyuki, maneno hayatoki.

Kutuliza mapigo na kuzuia damu kuganda ni kazi mbili. Hata aliyerudishiwa mapigo ya kawaida kwa shoti ya umeme, vyumba vile vya juu hubaki vimezubaa kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana warfarini hutangulia wiki tatu na kuendelea angalau nne baadaye, na mwenye hatari kubwa haachi kabisa. Utafiti wa AFFIRM wa 2002, wenye wagonjwa 4,060 wa Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba viharusi vingi viliwapata walioacha warfarini au ambao INR yao ilikuwa chini ya 2. Na tafadhali, aspirini ndogo si mbadala. Bado naiona ikiandikwa, na inaniudhi.

Mtaulizwa pia kuhusu dawa mpya zisizohitaji kipimo cha INR. Kwa wengi ni nzuri. Lakini kwa valvu ya rumatiki, utafiti wa INVICTUS wa 2022 uliilinganisha rivaroksabani, mojawapo ya hizo mpya, na dawa za kundi la warfarini, na hizi za zamani ndizo zilizookoa maisha zaidi.

INR tunaitaka kati ya 2 na 3. Ikiruka ghafla, msikimbilie kubadili dozi, ulizeni kwanza alinunua nini duka la dawa. Metronidazoli ya tumbo na septrini huipandisha; rifampisini ya TB huishusha. Diklofenaki ya mgongo inaweza isiiguse INR na bado mgonjwa akatapika damu. Kwa wanawake ulizeni hedhi, kwa sababu warfarini hudhuru mimba changa. Mchicha na matembele hupunguza nguvu ya warfarini, lakini msiwakataze: nyumba nyingi hicho ndicho kitoweo chenyewe. Waambieni wale kiasi kilekile wiki hadi wiki, dozi tutaipanga kufuata sahani yao.

Siku hizi sisemi "unaendelea vizuri" peke yake. Naandika kwenye daftari la mgonjwa kwa wino mwekundu kwamba dawa hii haiachwi mpaka kliniki iseme, namwomba anirudishie kwa maneno yake, halafu nauliza nani nyumbani huikata tembe nusu kwa wembe. Mara nyingi ni mjukuu. Huyo namwita aje naye siku ya kliniki, kwa sababu ndiye anayejua zimebaki ngapi.