Sedani kali za familia na gia za mkono: zibaki, ila ziwe giaboksi za kweli

Mkuu, umeuliza kama sedani za familia zenye mbio, daraja la BMW M3, bado zina haja ya gia za mkono wakati otomatiki imeshazipita. Kwa kasi hakuna ubishi. M3 G80 (G80 ni kodi ya kizazi chake) ya gia sita za mkono ina hp 473, inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 4.2. M3 Competition ya otomatiki ya gia nane, inayosukuma nyuma tu, ina hp 503, inatumia 3.9. Anayetaka namba achukue otomatiki, maneno yaishe.

Ila angalia torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kabla hujahukumu. Injini ni ileile ya S58, lakini ya mkono imepewa Nm 550 na Competition Nm 650. Yaani unashindanisha giaboksi mbili huku moja imefungiwa injini iliyopunguzwa. Sasa nenda kwa Cadillac CT5-V Blackwing: V8 ya lita 6.2 yenye supachaja, hp 668, Nm 893, na giaboksi inayokuja na gari ni Tremec TR-6060 ya gia sita za mkono. Otomatiki ya gia kumi ndiyo unayoongezea hela. Kwa hiyo anayekwambia gia za mkono haziwezi kubeba nguvu za siku hizi anatetea hesabu za kiwanda, uhandisi hauna tatizo hilo. Hesabu zenyewe ni halali: kila injini na giaboksi yake inapimwa moshi kivyake, programu inaandikwa kivyake, na wanunuzi ni wachache. Halafu gari ya klachi haiwezi kusimama na kuondoka yenyewe kwenye foleni, maana pedali iko chini ya mguu wako.

Msimamo wangu: gia za mkono ziendelee kutengenezwa, na sababu kubwa ni uzee wa gari. BMW M5 E60 ilitoka na SMG III, giaboksi ya gia saba isiyo na pedali ya klachi, klachi ikisukumwa na pampu ya haidroliki. Wamarekani waligoma, wakaletewa gia sita za mkono, Ulaya hawakupata. Leo mnunuzi wa M5 hiyo iliyotumika anaogopa pampu ya SMG kuliko anavyoogopa klachi, kwa sababu klachi huisha taratibu na fundi makini yeyote anaifunga. Na sisi huku magari tunayapokea yakiwa na umri tayari.

Mfano wa karibu ni Subaru Legacy B4 2.0GT ya kizazi cha BL5. Ya mkono ilitoka Japani na hp 280, otomatiki 260, safari hii aliyepunguziwa ni otomatiki. Lakini giaboksi yake ya gia tano haipendi ubabe: ukiongeza presha ya tabo na kuondoka kwa kuachia klachi ghafla, gia ya tatu inang'oka meno. Ukipata toleo la spec.B la gia sita, hiyo ni ngumu zaidi kwa mbali.

Kabla ya kulipa, gari ikiwa imepata moto, tafuta kamlima, weka gia ya nne kwenye kilomita 50 kwa saa, kandamiza mafuta mpaka chini. Mshale wa RPM ukipanda na mwendo haupandi, klachi inateleza. Kisha simama, gia huru, injini inawaka. Kelele inayopotea ukikanyaga klachi ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi, na hapo andaa hela. Kelele inayoanza ukikanyaga ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Gia ya pili ikikwaruza hata gari ikiwa na moto, sinkro, pete zinazolainisha kuingia kwa gia, zimekwisha.

Ukishusha giaboksi kubadilisha klachi, usibadilishe diski peke yake. Weka diski, presha pleti, rilizi beringi, beringi ndogo ya flaiwili na sili ya nyuma ya kranki, maana gharama kubwa ni kushusha giaboksi. Kagua pia bomba ambalo rilizi beringi inateleza juu yake. Kwenye Subaru linalika, na beringi mpya ikikaa juu ya bomba bovu pedali inakwama kwama na beringi inakufa mapema. Klachi mpya usiichape kilomita 800 za mwanzo.

Kama nyumbani mnaendesha wawili na mmoja hataki klachi, nunua otomatiki bila aibu. Foleni ya kila siku jioni ukiwa umeishikilia gari mlimani kwa nusu klachi itakula diski yoyote.

Oili ya giaboksi ya gia tano ya Legacy hiyo ni 75W-90 GL-5, karibu lita 3.5, na difu ya mbele inakula hiyohiyo. Pima kwa kijiti, usizidishe. Kwenye otomatiki difu ya mbele ina oili yake. Fundi asiyejua anamwaga ya difu akidhani ni ya giaboksi, kisha anajaza ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) juu ya ATF: difu inabaki kavu na giaboksi imefurika.