Fupisha hatua kwanza, mbio zitakuja zenyewe

Mtu wa kwanza kunisahihisha ukimbiaji wangu alikuwa mama muuza vitumbua wa Kirumba, hapa Mwanza. Nilipita mbele ya jiko lake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nahema, najiona mwanariadha kamili.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona unakanyaga kama unaua nge?"

Wateja wakacheka. Nikanuna mpaka Barabara ya Makongoro, ndipo nikaanza kusikiliza viatu vyangu: pa! pa! pa! Wiki ya tatu hiyo, na mifupa ya mbele ya miguu ilikuwa inaniuma hata nikishuka kwenye daladala. Nilikuwa nimelaumu viatu, mtumba wa Mlango Mmoja. Viatu havikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa kurusha mguu mbele. Wengi tunaoanza tunadhani kasi ni kutanua hatua, kwa sababu ndivyo tunavyowaona wakubwa kwenye televisheni. Alphonce Simbu alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo mwaka 2025, kwa saa 2:09:48, alikuwa akimaliza kila kilomita kwa takriban dakika 3 na sekunde 5. Kwa mwendo huo hatua lazima iwe ndefu, lakini urefu wake unatokana na kuisukuma ardhi kwa nyuma. Mimi wa dakika 8 kwa kilomita nilikuwa natupa kisigino mbele, goti limenyooka. Mguu ukitua mbali mbele ya kiuno, kila hatua unapiga breki, na kishindo chote kinapanda gotini.

Basi nikahesabu. Unahesabu mguu wa kulia tu kwa sekunde 30, kisha unazidisha kwa 4. Nilipata 38, yaani hatua 152 kwa dakika. Utasikia watu wanasema lazima ufike 180. Namba hiyo inatajwa sana tangu kocha Jack Daniels alipowahesabu wakimbiaji wa Olimpiki ya 1984, Los Angeles, na wale walikuwa mashindanoni, kwa kasi yao. Usiikimbilie. Ongeza kama asilimia 5 tu. Mimi nililenga 40 badala ya 38, kwa mwendo ule ule wa taratibu.

Na hapa ndipo penye kazi, kwa sababu ukiharakisha miguu mwili wote unataka kwenda mbio. Wiki ya kwanza nilijikuta nahema kama nimekimbizwa na mbwa. Dawa yake ni kufupisha hatua mpaka uone aibu kidogo. Nilifanyia mazoezi kwenye kipande tambarare karibu na Jiwe la Bismarck: dakika moja ya hatua za harakaharaka, dakika mbili za kawaida, mara tano. Kama huwezi kumaliza sentensi ukiongea na mwenzako, umezidisha.

Mengine ni madogo. Mabega yashuke. Ngumi usiikaze, shika kama una dagaa mmoja mkononi na hutaki apondeke. Tazama mbele, siyo vidoleni (ingawa kwa bodaboda wa asubuhi, tazama kila upande).

Maumivu yalipungua baada ya wiki kama nne. Lakini kama maumivu yako yapo sehemu moja tu ya mfupa, na ukiibonyeza unaruka, acha kukimbia ukamwone daktari.

Kasi sikuigusa mpaka mwezi wa pili. Hapo nikaanza kuchomoka kwa sekunde 20, mara nne, mwishoni mwa mazoezi mepesi, natembea katikati mpaka pumzi irudi. Mara moja kwa wiki, basi. Siku hizi barabara ya Capri Point naimaliza bila kusimama. Mlima wa Bugando bado natembea.