Mwanangu, ile nyumba ya mbali ina bei mbili

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku, leo asubuhi nikairudia tena, nikaona bora nikuandikie kwa kirefu maana haya mambo hayajibiwi kwa meseji ya mstari mmoja. Umeniuliza hivi: nyumba mmepata mbili, moja iko mbali kabisa nje ya mji, vyumba vinne, bustani, utulivu, ila mpaka kazini ni lisaa limoja na nusu. Nyingine ni ndogo, vyumba viwili na kachumba ka tatu ka kubanana, lakini nusu saa tu umefika ofisini. Mkwe wangu anaitaka ya mbali kwa sababu marejesho ya mkopo kila mwezi ni madogo, wewe roho inasita, na unataka kujua baba angechukua ipi.

Ningechukua ya karibu. Ila msiichukue kwa sababu baba kasema, kaeni wote wawili mpige hesabu nitakayowapa hapa halafu muamue wenyewe.

Kwanza muelewe kwa nini ile ya mbali ni rahisi. Watu wanadhani wameokota dodo, kumbe hakuna kilichookotwa. Huko nyuma 1826 Mjerumani mmoja, Johann von Thünen, alieleza jinsi thamani ya shamba inavyoshuka kadiri linavyokuwa mbali na soko, kwa sababu gharama ya kusafirisha mavuno inakula faida. Mwaka 1964 mtaalamu wa miji, William Alonso, akaichukua hoja hiyohiyo akaileta kwenye miji, kwa watu wanaotoka nyumbani kwenda kazini. Maana yake ni kwamba ule unafuu mnaouona ni malipo, mnalipwa ili msafiri kila siku. Sasa mtu akikulipa kazi si lazima ujue anakulipa shilingi ngapi kwa saa? Hilo ndilo hamjaliuliza bado.

Haya tupige. Ya mbali ni dakika 90 kwenda na 90 kurudi, masaa 3 kwa siku. Ya karibu ni 30 na 30, saa 1. Tofauti masaa 2. Mtu anayekwenda kazini siku 230 kwa mwaka anapoteza masaa 460 zaidi kule mbali, ambayo ni siku 19 kamili, mchana na usiku, amekaa kwenye gari au amening'inia kwenye basi. Ukizipima kwa siku za kazi za masaa nane zinazidi siku 57. Yaani kila mwaka unafanya kazi nyingine ya zaidi ya miezi miwili ambayo hakuna anayekupa mshahara wake, isipokuwa huo unafuu wa marejesho. Kwa mwezi ni kama masaa 38, na nyie mko wawili mnaofanya kazi, kwa hiyo ni 76.

Sasa chukueni tofauti ya marejesho ya nyumba hizi mbili kwa mwezi. Toeni mafuta ya ziada, nauli, matairi, sevisi ya gari, kuegesha, na kama kule mbali kila mmoja atahitaji gari lake basi mtoe na gari la pili lote na bima yake, hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya. Kinachobaki gawanyeni kwa masaa 76. Tuseme tofauti ya marejesho ni 100, usafiri umekula 60, imebaki 40, gawa kwa 76, mmepata nusu na kidogo kwa saa. Halafu kila mmoja aangalie mshahara wake wa saa moja kazini. Kama ile namba ni ndogo kuliko mnavyokubali kufanya kazi yoyote duniani, basi mnalipwa vibaya, na kama imetoka kubwa, au imekuwa hasi, jibu mnalo bila kuniuliza mimi.

Pale Chicago kuna taasisi inaitwa Center for Neighborhood Technology, tangu 2006 wamekuwa wakijumlisha gharama ya nyumba na ya usafiri pamoja. Kawaida ya zamani ilisema nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato, wao wakasema hiyo haitoshi, jumlisha na usafiri, na viwili hivyo visizidi asilimia 45. Mimi naikubali sana hiyo kwa sababu benki inapokukopesha inaangalia marejesho yako vizuri tu lakini safari yako ya kila siku haiiangalii kwa karibu hivyo, na hela zote zinatoka mfuko mmoja.

Mkwe wangu najua atasema tutazoea. Naomba umsomee hapa taratibu. Binadamu anazoea vitu vingi, na nyumba kubwa ni kimoja cha vitu anavyozoea haraka mno, miezi michache tu kile chumba cha nne ni chumba tu. Safari ni tofauti kwa sababu kila siku inakuja na sura yake, leo ajali, kesho mvua, kesho kutwa basi limeharibika, na kitu kisichotabirika mwili haukizoei. Wachumi wawili wa Uswisi, Bruno Frey na Alois Stutzer, walichambua takwimu za Wajerumani wakategemea kuona kwamba anayesafiri mbali amefidiwa na nyumba nzuri au mshahara mkubwa, kwa hiyo furaha yake ingekuwa sawa na ya mwenzake wa karibu. Wakakuta haiko sawa, kadiri safari inavyorefuka ndivyo watu wanavyoridhika kidogo na maisha yao. Na mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwauliza wanawake 909 wafanyakazi wa Texas, Marekani, waeleze jana yao kipande kwa kipande na walivyojisikia, safari ya asubuhi kwenda kazini ikawa chini kabisa, chini hata ya kazi yenyewe.

Kuna mwingine naye, Cesare Marchetti, Mtaliano, 1994 aliandika kwamba watu wa zama zote kwa wastani wanatumia kama lisaa limoja kwa siku kusafiri, kwenda na kurudi. Ndiyo maana, anasema, miji ya kale ya kutembea kwa miguu kuta zake hazikuzidi kilomita 5 toka upande mmoja hadi wa pili, maana mtu anatembea kilomita 5 kwa saa. Wewe unataka kusafiri mara tatu ya lile lisaa limoja, kila siku, miaka 25 ya mkopo.

Jambo jingine ambalo naona hamjalipima ni hiyo "lisaa limoja na nusu" yenyewe. Nani kasema? Dalali? Programu ya ramani Jumapili mchana? Safari haina muda mmoja tu mama, ina siku yake nzuri na siku yake mbaya, na wewe kwa sababu lazima ufike kwa wakati utakuwa unatoka nyumbani kwa kufuata siku mbaya, siku nzuri utafika mapema ukae unasubiri, huo muda nao umeshaenda. Ndiyo maana mimi ningechagua njia ya dakika 45 isiyobadilika kuliko ya dakika 35 ambayo siku zingine inakuwa 80. Ukiona sehemu ina barabara moja tu ya kutokea, ogopa, lori moja likilala pale wote mmelala. Sehemu yenye treni na barabara, au barabara mbili tofauti kabisa, ina thamani kubwa kuliko bustani.

Na kama mtategemea usafiri wa umma angalieni basi linapita kila baada ya dakika ngapi, hilo ni la kwanza kabla ya spidi. Basi la kila dakika 10 ukienda kituoni bila kuangalia saa utasubiri wastani wa dakika 5, la kila nusu saa utasubiri 15, na ukilikosa kwa sekunde chache umekwisha. Kila mahali pa kubadilisha gari hesabu hiyo inaanza upya. Ulizeni la mwisho usiku linaondoka saa ngapi maana siku ukichelewa kazini ndiyo utaijua nyumba yako iko wapi. Na kutoka mlangoni hadi kituoni mtembee kwa miguu, msipime kwa ramani mstari ulionyooka. Mita 800 ni kama dakika 10 kwa mtu mzima mwenye afya, lakini weka mtoto mgongoni, weka giza, weka barabara kubwa isiyo na pa kuvukia, uone.

Hapo kwenye mtoto nisimame kidogo. Mmeniambia mnafikiria kuongeza familia, na mimi furaha yangu unaijua. Sasa shule au kituo cha watoto kinapiga simu saa 5 asubuhi, mtoto ana homa, njooni mumchukue. Nyie wote wawili mko lisaa limoja na nusu. Nani anafika? Mwishowe mmoja wenu ataacha kazi au atatafuta ya karibu yenye mshahara mdogo, na mara nyingi sana anayeachia ni mwanamke. Hiyo gharama haipo kwenye makaratasi yoyote ya mkopo. Sijakusomesha kwa tabu ile ili barabara ndiyo ikuamulie kazi yako, nalisema wazi na mkwe wangu alisikie, simsemi vibaya maana najua anawaza familia yake.

Dalali naye atawaambia barabara mpya inakuja, au reli inakuja, madalali wote wanasema hivyo. Nunueni kwa njia iliyopo leo. London walijenga reli ya Elizabeth ikatangazwa itafunguliwa Desemba 2018, ikafunguliwa Mei 2022, na hiyo ni nchi yenye hela na reli tangu zamani. Bei za nyumba zenyewe hazisubiri reli ifike, zinapanda kwa ahadi tu, kwa hiyo unailipia kabla hujaipanda. Kupanua barabara nako kusiwape moyo sana. Mchumi wa Marekani, Anthony Downs, aliandika tangu 1962 kwamba barabara kubwa ikipanuliwa magari yanaongezeka mpaka foleni inarudi palepale, na pale mji wa Houston, hukohuko Texas, barabara kuu inayoitwa Katy Freeway ilipanuliwa ikafika hadi njia 26 kwenye baadhi ya sehemu ukihesabu na zile za pembeni, kazi ikakamilika 2008, miaka michache baadaye muda wa safari saa za foleni ukawa unapanda tena. Barabara ikiwa nzuri watu wanahamia, na wewe ndiyo umewatangulia kwenye foleni.

Kitu kimoja kinachoweza kunibadilisha mawazo ni kama kazi zenu zinawaruhusu kukaa nyumbani siku kadhaa. Ukienda ofisini siku 2 kwa wiki, masaa 3 kila siku, ni masaa 6, na ile ya karibu ukienda siku zote 5 ni masaa 5, karibu sawasawa. Hapo ya mbali inaanza kuwa na maana. Lakini liwe kwenye mkataba, isiwe hisani ya bosi wa sasa, bosi anabadilika na mkopo haubadiliki. Na kazi zenyewe zitabadilika, kwa umri wenu bado mtahama ofisi kabla ya kumaliza kulipa, kwa hiyo msitafute mahali palipo karibu na ofisi ya leo tu, tafuteni mahali penye njia ya kwenda sehemu nyingi za kazi.

Ile ya karibu nayo msiipende bila kuikagua. Ulizeni maji, mvua kubwa ikinyesha yanaelekea wapi, waulizeni majirani wa siku nyingi siyo muuzaji. Ukisikia eneo lina mafuriko ya "mara moja kwa miaka 100" usidhani utakufa hujayaona, maana yake ni asilimia 1 kila mwaka, na kwa miaka 25 ya mkopo inafika asilimia 22. Zaidi ya moja kwa tano hiyo. Ikiwa iko bondeni iacheni hata kama ofisi iko mlango wa pili, mtafute nyingine karibu hapohapo. Hati na mipaka mkague kwa mwanasheria wenu, siyo aliyeletwa na muuzaji, sina zaidi hapo.

Sasa fanyeni hivi. Chukueni wiki moja ya kazi, mkipata chumba cha kupanga kule mbali hata kwa siku chache laleni huko, mtoke saa ileile mtakayokuwa mnatoka, kila mmoja kwenye ofisi yake, mrudi jioni saa ya watu wote. Wiki ya mvua ikitokea msiikimbie, hiyo ndiyo yenyewe. Andikeni muda wa mlango hadi mlango, kwenda na kurudi, na msichukue wastani, angalieni siku iliyokuwa mbaya kuliko zote, hiyo ndiyo mtakayoiweka kwenye ile hesabu ya masaa badala ya dakika 90. Mfanye hivyohivyo na ile ya karibu, isije ikawa nusu saa yake nayo ni ya Jumapili.

Muuzaji akiwaambia kuna mteja mwingine analeta hela Ijumaa, mwacheni alete. Mkishapata namba zenu nipigie mchana nikiwa macho vizuri, mkwe wangu awepo pembeni, niwekeni kwenye spika tupitie pamoja.

Baba yako