Bega Halikutoka Tena, Lakini Mkono Haukufunguka

Wadogo zangu madaktari wa mifupa, Jumatatu kliniki nilishika faili la kijana aliyetimiza miezi sita tangu afanyiwe Bankart, upasuaji wa kushona ukingo wa bega uliochanika. Mmeandika mistari miwili: "Bega halijatoka tena. Aruhusiwe." Hakuna nyuzi za mzunguko wa nje (mkono unafunguka kiasi gani kwenda nje), hakuna kazi anayofanya, hakuna namba ya simu. Nilikasirika, nikawaita, nikasema mengi kwa haraka. Naomba niyarudie kwa utulivu, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuyaandika mimi, na yalikoishia nimekuona kwa macho yangu.

1. Pimeni mfupa kabla jina halijaingia kwenye listi ya upasuaji. Burkhart na De Beer waliandika mwaka 2000 kuhusu mabega 194 yaliyoshonwa kwa kamera inayoingizwa kwenye kiungo: yasiyokuwa na upungufu mkubwa wa mfupa yalitoka tena kwa asilimia 4, yenye upungufu asilimia 67. Halafu ninyi mnaniletea mtu aliyetoka bega mara tisa, eksirei moja tu ya mbele, na listi ya Jumatano imeshapigwa muhuri! Apelekwe siti skani. Na aulizwe habari za kifafa, maana degedege hulitoa bega.

2. "Imara" si kipimo kamili.

Alikuwa konda wa daladala, miaka 24. Siku nzima alining'inia mlangoni, mkono wa kulia juu, ameshika bomba. Dereva akikanyaga breki, bega linatoka. Alishajifunza kulirudisha mwenyewe akiwa kituoni. Nilimfanyia upasuaji wa wazi katika hospitali moja ya mkoa, mwaka wa pili tangu nimalize umahiri. Labramu, ukingo laini wa kikombe cha bega, niliirudisha vizuri. Kisha, kwa hofu ya bega kutoka tena, nikaikaza mbele kapsuli, mfuko unaozunguka kiungo, na sabskapularisi, msuli wa mbele ya bega, nikaikunja juu yake, mkono umelala tumboni. Sikuuzungusha nje hata mara moja kabla ya kufunga. Nilitoka thieta nikiwa na amani kabisa.

Wiki ya nane aliniambia, "Daktari, mkono haufunguki." Nikamjibu kwamba fizio wataufungua. Mwezi wa sita, kiwiko kikiwa ubavuni, mkono wa kulia ulikuwa kwenye nyuzi sifuri, wa kushoto 60. Bomba la mlangoni halishiki tena, ukonda ameuacha. Nikampa jibu ambalo linaniuma mpaka leo: "Bora mkono usiofunguka kuliko bega linalotoka." Akasema, "Sawa daktari, asante." Nikaandika matokeo mazuri, nikafunga faili. Nilipowasilisha mada idarani mwaka ule, nilimhesabu kati ya waliofanikiwa.

Amerudi baada ya miaka 13. Bega halikutoka hata siku moja, hilo ni kweli. Lakini ubavu ule haulalii, na mkanda wa gari anauvuta kwa mkono wa kushoto. Eksirei yake niliitazama muda mrefu bila kusema neno: vichipukizi vya mfupa chini ya kichwa cha humerasi (mfupa wa mkono wa juu) vimepita milimita 7, kichwa kimesogea nyuma, glenoidi (kikombe cha bega) imelika upande huohuo wa nyuma. Ndiyo yaliyowapata watu wengi wa enzi za Putti-Platt, upasuaji wa zamani wa kukaza mbele ya bega. Ukikaza mbele kupita kiasi, kichwa kinasukumwa nyuma kila mkono unapojaribu kufunguka, na gegedu linasagika mwaka hadi mwaka. Ana miaka 37. Nilimweleza nilichokifanya, hatua kwa hatua, nikamwomba radhi. Alinyamaza, kisha akauliza kama kuna bega la bandia. Lipo, ila kwa umri wake litachakaa yeye bado ana nguvu za kufanya kazi, na kulibadilisha ni kazi nzito kuliko kuliweka.

Kwa hiyo kabla ya fundo la mwisho, uzungusheni mkono. Usipofika nyuzi 30 bila kulazimishwa, fungueni mshone upya, hata kama mtu wa usingizi anatazama saa.

3. Msiseme kila usagikaji umeletwa na kisu. Hovelius na wenzake huko Sweden waliwafuatilia kwa miaka 25 watu waliotoka bega mara ya kwanza wakiwa na miaka 12 hadi 40, na hata kati ya wale ambao halikutoka tena wapo waliosagika. Mgonjwa aambiwe hivyo siku ya kusaini fomu ya ridhaa, mama yake akiwepo kama anataka.

4. Kwenye Latarjet, upasuaji wa kuhamishia kipande cha korakoidi (kijifupa cha mbele ya bega) kwenye glenoidi, kipande hicho kiwe sawasawa na uso wa glenoidi. Kikichomoza kinasaga kichwa.

5. Neva ya aksila, inayopita chini ya kiungo cha bega: ipimwe kabla na baada ya upasuaji, kwa maandishi.

6. Chukueni namba mbili za simu, yake na ya ndugu asiyebadilisha laini. Konda wangu angepatikana mwaka wa pili, ningeweza kumlegezea kapsuli ile kabla gegedu halijaisha.

Kijana wa Jumatatu nilimzuia asiondoke, tukampima: nyuzi 20 kulia, 65 kushoto. Ni fundi rangi. Fizio anaanza wiki hii. Alhamisi ijayo anarudi. Mmoja wenu aje na goniometa, kipimo cha nyuzi, tumpime pamoja.