Jibu: Wazazi wazima, mtoto ana selimundu?
Mkuu, umeuliza imekuwaje mtoto awe na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) wakati wewe na mama watoto hamjawahi kuumwa, na shangazi zako huko Mbagala wameshaanza kumnyooshea mkeo kidole. Waambie waache. Ugonjwa huu lazima urithiwe pande zote mbili. Jeni yenyewe, yaani maelekezo ya kutengeneza himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), iko kwenye kromosomu namba 11, mojawapo ya vifurushi vya jeni ndani ya seli, na kosa ni la herufi moja tu ya maelekezo hayo. Nyie kila mmoja ana nakala moja nzima na moja yenye hitilafu, ndiyo maana hamuumwi. Uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kati ya 4 kwa kila mimba, hata kama waliotangulia ni wazima.

Kuhusu ile miezi ya mwanzo alipokuwa hana tatizo, hapo ndipo patamu. Mtoto tumboni hutumia himoglobini nyingine, inayotengenezwa na jeni jirani kwenye kromosomu hiyohiyo. Akishazaliwa, mwili huizima taratibu na kuwasha ya ukubwani, yenye hitilafu. Dawa ya haidroksiurea husaidia kuiamsha tena ile ya utotoni. Muulize daktari wake kuhusu hiyo, na nyie wote wawili mkapime.