Maswali yenu kuhusu Papua New Guinea: ulizeni nyumba kwanza

Tangu niandike kuhusu miaka yetu ya Lae, Papua New Guinea, barua hazikatiki. Nimechagua chache. Walioniuliza nchi hiyo iko wapi, wafungue ramani, watazame kaskazini mwa Australia, kisha waandike tena wakiwa na swali.

Shikamoo mama. Hospitali moja ya Port Moresby inanihitaji. Nikibadilisha mshahara wao kwa shilingi ni mara nne ya ninaoupata sasa. Niende? (Muuguzi, Kisumu)

Marahaba mwanangu. Barua yako ina aya mbili za mshahara na hakuna hata sentensi moja ya nyumba. Hapo ndipo mnapoumia, kila mwaka, na kila mwaka narudia maneno haya haya.

Kodi ya nyumba Port Moresby hutajwa kwa wiki, si kwa mwezi. Nyumba yenye uzio, mlinzi, tangi la maji na jenereta inaweza kuumeza mshahara wote wa muuguzi na bado ikadai nyongeza. Mkataba useme wazi nani analipa kodi, nyumba iko mtaa gani, nani anamlipa mlinzi, na umeme ukikatika nini kitawaka. Neno "tutakusaidia kupata makazi" si ahadi ya nyumba. Ni ahadi ya kukuonyesha matangazo.

Halafu uliza kiasi walichokutajia ni cha muda gani. Huko watu hulipwa kila baada ya wiki mbili, na siku hiyo wanaiita fotnait. Uliza pia kama ni kabla ya kodi ya mapato, ambayo kwa wenye vipato vya juu hufika asilimia 42. Na uliza kama mkataba umeandikwa kwa dola au kwa kina, yaani fedha yao. Mwaka 2012 kina moja ilikaribia nusu dola ya Marekani. Leo ni kama robo. Tangu katikati ya muongo uliopita dola zimekuwa adimu kwenye mabenki yao, kwa hiyo hela unayo lakini ada ya mdogo wako Maseno inasubiri foleni.

Mwisho, bima ya kusafirishwa kwa ndege ukiugua. Kwa mambo mazito wagonjwa wenye bima hupelekwa Cairns au Brisbane, na pasipoti ya Kenya inahitaji viza ya Australia hata ukiwa umelazwa kwenye machela. Mwajiri aeleze kwa maandishi viza hiyo inapatikanaje usiku wa manane. Akishindwa kueleza, umeshajua thamani ya bima yake.

Ni kweli wanakula watu? (Wengi, wengi mno)

Hapana. Nanyi ndio mnaokasirika Mzungu akiwauliza kama mnafuga simba.

Mke wangu ni mhasibu mwenye CPA. Mimi nimepata kazi ya uhandisi mgodini. Tukifika naye atatafuta kazi taratibu, sivyo? (Mhandisi, Mwanza)

Sivyo, shemeji. Mkeo ataingia kama mtegemezi wako, na mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi bila kibali chake mwenyewe. Kibali huombwa na mwajiri, kwa kazi maalumu, na humfunga mtu kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo lazima kwanza apatikane mwajiri anayemtaka yeye kiasi cha kubeba usumbufu huo, na kazi nyingi za hesabu zina wenyeji waliosomea. Kama mnataka kipato cha pili, kitafutwe sasa, mkiwa Mwanza, kabla hujasaini chochote.

Lakini naona hujauliza kubwa zaidi. Kazi za migodini na gesi ni za kupanda ndege: wiki kadhaa kambini, wiki kadhaa nyumbani. Port Moresby haijaunganishwa kwa barabara na Lae wala na mikoa ya milimani. Hakuna basi la kukurejesha mtoto akipata homa. Mkeo atabaki ndani ya uzio na watoto, hawezi kutembea peke yake hadi dukani, hana kazi, hana dada wala mama mkwe wa kugombana naye, na wewe ukirudi unataka kulala. Nimeona ndoa ngumu kama mpingo zikipata ufa ndani ya mwaka mmoja. Wanaume mnaniandikia kuhusu mgodi. Wake zenu wananiandikia baadaye, kwa siri, wakiuliza bei ya tiketi ya kurudi.

Kwa hiyo keti naye. Akikuambia abaki Mwanza na cheo chake na wewe uende kwa mkataba mfupi, hajakukosea adabu.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tumekula malaria utotoni. Dawa za nini? (Huyo huyo wa Mwanza)

Kinga uliyokulia nayo hupungua, na watoto wako waliolelewa chini ya chandarua hawana cha kujivunia. Zaidi ya hapo, malaria unayoijua ni ya falsiparamu. Huko ipo hiyo na ipo ya vivaksi, ambayo hujificha kwenye ini na kurudi baada ya wiki au miezi bila kuumwa tena na mbu. Dawa mseto huua vimelea vilivyo kwenye damu. Vilivyolala kwenye ini haviguswi. Hivyo huhitaji primakwini, na kabla ya kuimeza upimwe kama una upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, jambo lisilo geni kwetu, maana dawa hiyo inaweza kukuvunjia chembe nyekundu za damu. Ukirudi nyumbani na homa, hata baada ya miezi, mwambie daktari ulikotoka.

Milimani, Goroka na Mount Hagen, malaria ni chache. Lae na Madang usicheze.

Naweza kupitia Australia bila viza kama sitoki uwanjani? (Mwalimu, Arusha)

Hapana. Kwa pasipoti ya Tanzania utahitaji viza ya kupita. Tafuta njia ya Singapore au Manila.

Nafundisha chuo kikuu huko tangu mwaka jana. Wenzangu wenyeji wananinunia na sijawakosea kitu. Wakati mwingine nasikia wakinong'ona kuhusu mshahara wangu. Nifanyeje? (Mhadhiri kutoka Eldoret)

Ndugu yangu, hujawakosea, lakini unalipwa zaidi yao kwa darasa lile lile. Ngazi mbili za mishahara, moja ya raia na moja ya wageni, ni kidonda cha zamani katika nchi ile iliyopata uhuru wake tarehe 16 Septemba 1975. Mwenyeji mwenye shahada ya uzamivu kama yako anaona umepewa nyumba ya chuo, tiketi za familia na malipo ya kumaliza mkataba, naye anapanga foleni ya nyumba kwa miaka.

Mbona hili tunalijua? Nani kati yetu hajakaa ofisi moja Nairobi au Dodoma na mtaalamu wa kigeni ambaye tulimfundisha kazi, tukamtafsiria mikutano, kisha tukaona gari alilopewa? Tulimsema kantini hadi chai ikapoa. Sasa Mzungu ni wewe, tena mweusi kama wao, jambo ambalo linawauma wengine zaidi.

Sikuambii urudishe pesa. Nakuambia uache kula chakula cha mchana peke yako ofisini. Jifunze Tok Pisin, lugha inayowaunganisha. Kwa sisi wa Kiswahili matamshi ni mepesi na hakuna kisingizio. Mwandike mwenzako kama mwandishi wa kwanza kwenye makala aliyoifanyia kazi. Msiba ukitokea nenda, keti chini, peleka mchele na sukari na kaa hadi uambiwe nenda. Na suala la mishahara likiletwa kwenye kikao, usijifanye unasoma simu. Wageni wengi hunyamaza hapo, Waafrika tukiwemo, na kunyamaza kwetu huhesabiwa.

Na ndiyo, ushuru wa wantok utakufikia. Wantok ni mtu wa lugha moja nao, wa kijiji kimoja, wa ukoo mmoja, na hawezi kunyimwa. Ukishakaribishwa mezani, harambee zao ni zako. Mkenya hahitaji kufundishwa harambee.

Usalama je? Naambiwa ni kama Nairobi ya miaka ya tisini. (Baba wa watoto watatu, Kampala)

Kwa mali, labda. Kwa wanawake, Port Moresby na Lae ni vibaya kuliko jiji lolote la kwetu nililoishi. Mkeo asitembee peke yake, mchana wala usiku, na asipande PMV, yaani matatu zao, kabla hajapata mwenyeji wa kumwonyesha ipi na saa ngapi. Magenge wanayoyaita raskol yapo kweli.

Mambo pia hubadilika ghafla. Tarehe 10 Januari 2024 polisi wa Port Moresby waligoma baada ya kukuta makato kwenye mishahara yao. Ndani ya saa chache maduka yalikuwa yanaporwa na kuchomwa, watu zaidi ya kumi wakafa, na serikali ikatangaza hali ya hatari ya siku 14. Kwa hiyo weka ndani chakula na maji ya wiki mbili, siku zote, hata watu wakikucheka.

Kwenye barabara za milimani, ukigonga mtu au hata nguruwe, ushauri utakaopewa na kila mtu ni kwenda moja kwa moja kituo cha polisi, si kusimama. Fidia hudaiwa pale pale na ukoo mzima, na nguruwe kwao ni mahari, ni heshima, ni akiba.

Ila nina neno kwa wale wanaojifungia. Uzio wa nyembe unazuia mwizi; hauzuii upweke. Wanaokaa salama zaidi nilioona ni wale ambao mama muuza kaukau, viazi vitamu vyao, anawajua kwa jina.

Ugali utapatikana? (Wengi)

Sembe ni ya kuwinda. Muhogo upo tele, ndizi za kupika zipo, hasa Lae kwa ajili ya bonde la Markham, nazi zipo, mchicha wao unaitwa aibika na ni mtamu kwa tui. Acheni kubeba kilo ishirini za unga.

Mimi mtu wa Mombasa. Nasikia nao wanatafuna tambuu? (Likoni)

Popoo ni ile ile, dada, wao wanaiita buai. Lakini hawaifungi kwenye jani na katu kama wewe. Wanatafuna popoo, wanachovya tunda refu la mtambuu kwenye chokaa ya makombe yaliyochomwa, wanauma, na mate yanakuwa mekundu. Utayaona kwenye kila ukuta. Mwaka 2013 mji mkuu ulipiga marufuku uuzaji wake, ukashindwa, baadaye ukalegeza. Wamama wengi wanasomesha watoto kwa buai. Saratani ya kinywa nayo wanayo kwa wingi, na sisi wa pwani tusijifanye haituhusu.

Umeuliza pia msikiti: upo Hohola, Port Moresby. Waislamu ni wachache sana, na mwaka 2025 Bunge liliandika kwenye Katiba kuwa nchi ni ya Kikristo. Katika maisha ya kila siku sikuona Mwislamu akisumbuliwa.

Nisafiri na dada wa kazi kutoka nyumbani? (Mama wa mapacha, Morogoro)

Hapana, hatapewa kibali. Utaajiri mwenyeji, anaitwa haus meri, utamlipa kila fotnait kwa wakati, na ukichelewesha siku moja mtaa mzima utajua. Asubuhi moja anaweza kuja amevimba jicho. Usimuulize alifanya nini hadi akapigwa, swali ambalo nimelisikia kwa wanawake wenzetu waliosoma. Hospitali ya Angau, Lae, ina kituo cha kusaidia familia kwa ajili ya hayo. Mpeleke, kaa naye, na siku hiyo osha vyombo mwenyewe.

Watoto watasoma wapi? (Huyo huyo)

Shule za kimataifa zipo, nyingi hufuata mtindo wa Australia, na ada zake ziandikwe kwenye mkataba wa mwajiri au usiende. Mwaka wa masomo huanza Januari au Februari kama kwetu. Kama watarudi kufanya mtihani wa kidato cha nne, warudi mapema, si mwaka wa mtihani. Na Kiswahili kizungumzwe mezani kila siku. Mapacha wako watapata Kiingereza cha darasani na Tok Pisin cha uwanjani bila msaada wako. Kiswahili hakuna atakayewapa isipokuwa wewe na baba yao. Nimeona watoto wanarudi likizo, bibi anawasalimia, nao wanamtazama mama yao atafsiri.

Naomba namba ya wakala wako wa ajira. (Barua kumi na kitu, neno kwa neno)

Sina wakala. Kibali cha kazi huombwa na mwajiri mwenyewe kwenye Idara ya Kazi ya Port Moresby, na viza ya kuingilia hupatikana kabla ya safari. Anayekudai "ada ya kibali" kwa M-Pesa ni mwizi, hata kama anaabudu kanisa moja nawe. Andika jina la kampuni aliyokutajia, itafute, ipigie wewe kwa namba uliyoipata mwenyewe, na uwaulize kama nafasi hiyo ipo. Wakisema ipo, waulize nyumba iko mtaa gani.